Kuwinda nguruwe mwitu Marekani: maswali kuhusu ardhi ya umma na mashamba ya watu

Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani, na wengine wanaojiandaa kwenda, huuliza kuhusu nguruwe mwitu kwa sababu wamesikia kwamba kule wanawindwa bila kikomo. Kuna ukweli katika hilo, ila unategemea umesimama kwenye ardhi ya nani. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaanzia kwenye ardhi kabla ya kufika kwenye bunduki. Kila jimbo lina kanuni zake na hubadilika, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani soma kijitabu cha mwaka huo cha idara ya wanyamapori ya jimbo unalokwenda.

Nguruwe hawa walitoka wapi?

Hawakuwapo Amerika. Waliletwa na Wahispania kwa meli. Columbus alishusha nguruwe kwenye visiwa vya Karibi mwaka 1493, na Hernando de Soto akaja na wake Florida mwaka 1539 kama akiba ya chakula ya jeshi lake. Waliotoroka wakazaliana porini. Karne nyingi baadaye matajiri wakaleta nguruwe mwitu halisi wa Ulaya kwa ajili ya uwindaji. Walifungiwa Hooper Bald, North Carolina, mwaka 1912, wakavunja uzio, na katika miaka ya 1920 baadhi ya kizazi chao kikapelekwa Monterey, California. Kwa hiyo wengi unaowaona leo ni mchanganyiko wa nguruwe wa zizini na wale wa Ulaya. Mmoja ana manyoya marefu meusi na mgongo ulioinuka, mwenzake katika kundi lilelile ana mabaka kama nguruwe wa kufugwa.

Je, ni sawa na ngiri au nguruwe pori wa Afrika?

Hapana. Ni spishi nyingine kabisa. Pia usiwachanganye na javelina, mnyama mdogo wa kijivu wa Texas na Arizona anayefanana na nguruwe. Huyo ni mwenyeji wa Amerika, ni wa familia nyingine, na ana msimu wake na idadi yake ya kisheria. Mtu akimpiga javelina akidhani ni nguruwe mwitu amevunja sheria, hata kama alikuwa na ruhusa ya mwenye shamba.

Kwa nini wanaruhusu wawindwe karibu mwaka mzima?

Kwa sababu wanaharibu, na wanazaliana kuliko mnyama yeyote mkubwa wa nchi ile. Jike hupata mimba akiwa na miezi sita hadi minane, hubeba kwa siku 115 hivi, na huzaa vitoto vinne hadi sita kwa kawaida, wakati mwingine zaidi. Texas peke yake inakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni mbili. Wakiingia usiku kwenye shamba la mahindi lililopandwa jana, hufuata mstari na kufukua mbegu moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Huchimbua malisho, huchafua vijito, hula mayai ya kasa na ya ndege wanaotaga chini, na huua wana-kondoo. Wataalamu wa Texas husema inabidi waondolewe takriban theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ili idadi isiongezeke, na uwindaji wa burudani haujafika huko hata siku moja. Kumbuka hilo kila unaposikia mtu akisema anawinda ili kuwamaliza.

Ardhi ya umma na ardhi ya mtu binafsi zinatofautianaje kwa mwindaji?

Kwenye ardhi ya mtu, mwenye ardhi ndiye mlango. Akikuruhusu, sheria za jimbo kwa kawaida hulegea. Muda wa kuwinda huwa mrefu, silaha zinazokubalika huwa nyingi, na huko Texas unaweza hata kuweka mahindi kama chambo na kuwinda usiku kwa taa au darubini inayoona joto la mnyama. Asipokuruhusu, huna lolote, hata kama nguruwe mia wamesimama mita kumi ndani ya uzio.

Kwenye ardhi ya umma humwombi mtu, lakini unakutana na karatasi. Utahitaji leseni, mara nyingi na kibali cha eneo lenyewe. Mara nyingi usiku hairuhusiwi, chambo hairuhusiwi, na silaha unayobeba lazima iwe ile inayokubalika katika msimu unaoendelea. Msimu ukiwa wa upinde kwa kulungu, basi na nguruwe utamwinda kwa upinde. Isitoshe, mko wengi. Kuna wapanda baiskeli, watu wenye mbwa, wapiga kambi na wawindaji wenzako. Vaa rangi ya chungwa inayong'aa hata pale sheria isipokulazimisha.

Neno umma nalo lina matabaka. Misitu ya taifa kwa jumla iko wazi kwa uwindaji chini ya kanuni za jimbo. Ardhi za BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi za umma, vilevile. Mbuga za taifa kwa kawaida zimefungwa kabisa kwa uwindaji, wakati hifadhi kama Big Cypress kule Florida zinaruhusu kwa misimu na vibali. Baadhi ya kambi za jeshi pia hufungua milango. Fort Hunter Liggett, katika wilaya ya Monterey, inajulikana na wawindaji wa nguruwe wa California miaka mingi, ila siku za mazoezi ya kijeshi unarudishwa getini.

Nahitaji leseni?

Inategemea jimbo na ardhi. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu aliye na ruhusa ya mwenye ardhi hahitaji leseni ya uwindaji kuwapiga nguruwe mwitu kwenye ardhi ya binafsi. Akivuka kwenda ardhi ya umma, leseni inahitajika, na kwenye maeneo mengi pia kibali cha mwaka cha uwindaji wa ardhi za umma. Msitu wa Sam Houston, kaskazini mwa jiji la Houston, ni mmojawapo.

Florida nako, mwenye ardhi akikubali, leseni haitakiwi, kwani sheria inawahesabu nguruwe kama mali ya mwenye ardhi waliyopo. Kwenye maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jimbo kuna vibali na misimu.

California ni tofauti. Leseni ni lazima kotekote, umma au binafsi, pamoja na kibali cha ziada cha nguruwe mwitu. Zamani ulilipia kitambulisho cha karatasi kwa kila nguruwe mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2024 kibali kimoja kinatosha kwa msimu mzima, na idadi haina kikomo. Ili upate leseni lazima uwe umepita mafunzo ya usalama wa uwindaji. Hata pale ambapo mafunzo hayo hayalazimishwi, yachukue. Yanafundisha vitu ambavyo rafiki yako mwenye bunduki huenda hajui.

Mimi niko Marekani kwa viza. Naruhusiwa kushika bunduki?

Jibu hili lisome mara mbili, maana wengi wanaponea chupuchupu bila kujua. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kumiliki au kushika bunduki na risasi. Kuna mambo machache yanayomtoa katika katazo hilo, na linalotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani.

Sasa angalia mtego uliopo Texas. Jimbo linasema huhitaji leseni kwa nguruwe wa shambani. Mwenyeji wako anakupa bunduki na kukuambia usijali, na kwa sheria ya jimbo yuko sahihi. Lakini kwa sheria ya serikali kuu, wewe mwenye viza bila leseni mfukoni umefanya kosa kubwa la jinai, kosa ambalo linaweza kukuondoa nchini. Kwa hiyo nunua leseni hata kama jimbo haliitaki. Ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na unachokilinda. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hili. Asiye na karatasi za ukaazi, leseni haimsaidii; asiguse bunduki kabisa. Ukiwa na hali isiyo ya kawaida, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya safari.

Nitapataje shamba la kuwindia?

Njia rahisi ni kulipa. Ranchi nyingi Texas na California ya kati huuza siku za kuwinda pamoja na mwongozaji, malazi na mahali pa kuchunia. Kwa anayeanza naipendekeza, kwa sababu utajifunza ndani ya siku mbili yale ambayo peke yako yangekuchukua misimu. Uliza mapema kama nguruwe wako huru au wamefungiwa ndani ya uzio mrefu. Kuwapiga wanyama waliofungiwa si uwindaji ninaoweza kumshauri mtu, na California imezuia maeneo ya aina hiyo kwa nguruwe mwitu.

Njia ya pili ni kuomba, na hapa adabu za kwetu zinasaidia. Usipige simu usiku ukisema unataka kuua nguruwe. Nenda mchana, siku isiyo ya mavuno, ukiwa umevaa nguo za kawaida na bunduki haipo. Jitambulishe, sema unaishi wapi na unafanya kazi gani, uliza hali ya shamba kabla ya kueleza shida yako. Mkulima aliyeharibiwa hekta za mahindi atakusikiliza, lakini anaogopa mambo yake matatu: mageti kuachwa wazi, ng'ombe kupigwa risasi, na mgeni kuleta wageni wengine. Mwahidi kwa kinywa chako mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba hayo matatu hayatatokea. Mwambie pia utakuja na nani, gari gani, na utaondoka saa ngapi. Ruhusa ichukue kwa maandishi, yenye tarehe na jina la shamba. Baada ya kuwinda mpe taarifa hata kama hukupata kitu, na ukiona uzio umelala au ng'ombe anachechemea, mpigie. Mwindaji wa namna hiyo huitwa tena, na jirani naye humsikia.

Mashamba mengi hukataa kwa sababu ya hofu ya kushtakiwa ukiumia humo. Si ubaguzi kila mara, ingawa najua inavyouma mtu mweusi kugeuzwa getini. Shukuru, ondoka, jaribu kwingine. Na usiende kwenye nyumba ya mtu usiyemfahamu vijijini ukiwa peke yako jioni. Mpate anayekujulisha, hata kama ni duka la pembejeo au ofisi ya ugani ya wilaya.

Mipaka nitaijuaje?

Tumia programu ya ramani ya simu inayoonyesha mipaka na wamiliki wa ardhi, na ipakue kabla, maana porini mtandao hukatika. Lakini simu isikuzuie kuangalia miti. Texas na majimbo mengine kadhaa yanatambua rangi ya zambarau kama tangazo la kuzuia kuingia. Ukiona mistari ya wima ya rangi hiyo kwenye miti au nguzo, ni sawa na kibao cha maandishi.

Nimemjeruhi nguruwe na amevuka uzio wa jirani. Namfuata?

La, mpaka jirani akubali. Risasi halali upande huu haikupi haki ya kukanyaga upande ule. Dawa yake ni kupata namba ya jirani kabla ya kuanza kuwinda, na kutompiga nguruwe aliye karibu na uzio kama huna hakika ataanguka papo hapo.

Mbona Missouri wanakataza kuwinda nguruwe kwenye ardhi ya umma?

Swali hili hushangaza watu, na ndilo lenye elimu kubwa kuliko yote. Nguruwe huishi katika kundi la majike wa ukoo mmoja na vitoto vyao. Madume wakubwa hutembea peke yao. Wataalamu wanataka kulinasa kundi zima kwa pamoja katika zizi kubwa la chuma, ambalo huwekwa mahindi kwa wiki kadhaa mpaka wote wazoee kuingia, kisha mlango unaangushwa usiku na mtu anayewatazama kwa kamera. Akitokea mwindaji akapiga mmoja au wawili, waliosalia hutawanyika, hujifunza kuogopa mahindi, na kazi ya wiki tatu imekwisha kwa mlio mmoja.

Kuna jambo baya zaidi. Pale uwindaji unapokuwa burudani, wapo watu wanaopakia nguruwe hai kwenye magari na kuwaachia sehemu mpya ili wapate pa kuwinda. Tennessee ilifungua msimu wa jimbo zima mwaka 1999 ikidhani itawapunguza, na nguruwe wakaenea wilaya ambazo hawakuwahi kuonekana. Mwaka 2011 jimbo likageuza sera. Kansas ilikwishapiga marufuku uwindaji wa burudani wa nguruwe mwaka 2006. Missouri ilifuata mwaka 2016 kwenye ardhi za idara yake ya uhifadhi, na kwenye msitu wa taifa wa Mark Twain uwindaji wa nguruwe nao ukazuiwa kwa sehemu kubwa baadaye.

Kwa maoni yangu wamefanya vyema. Mahali ambako nguruwe bado ni wachache, mwindaji akae kando, mitego ifanye kazi. Kwenye Texas au California, ambako wamejaa kila mahali, nafasi ya mwindaji bado ipo.

Nitawapata wapi na saa ngapi?

Nguruwe hana jasho la kutosha kumpoza, kwa hiyo joto ndilo linaloamua ratiba yake. Kiangazi hulala mchana mzima kwenye kichaka kinene karibu na maji na kutoka giza likiingia. Wakati wa baridi unaweza kumkuta anakula saa nne asubuhi. Tafuta udongo uliofukuliwa kama umepitiwa na jembe, madimbwi waliyogaagaa, miti yenye matope makavu pale wanapojisugulia, na nywele kwenye waya wa chini wa uzio. Matope yakiwa bado mabichi kwenye mti, wamepita usiku wa jana. Urefu wa alama ya matope unakuambia ukubwa wa mnyama.

Vuli wafuate chini ya mialoni, mbegu zinapodondoka. California, mvua zikianza, wanapanda vilima vya nyasi mbichi. Mwisho wa kiangazi hawaendi mbali na chemchemi.

Macho yao ni dhaifu, masikio ni mazuri, na pua ni ya ajabu. Unaweza kuwasogelea mita arobaini uwanjani wakiwa wanakula, mradi upepo unatoka kwao kuja kwako. Upepo ukigeuka, wamekwenda, na hutawaona tena siku hiyo. Kwenye ardhi ya umma tembea kupita maegesho kwa saa nzima kabla ya kuanza kutafuta. Wengi hawafiki huko, na nguruwe wanajua.

Silaha gani, na nimpige wapi?

Bunduki ya kulungu inatosha, kuanzia kipimo cha risasi cha .243 kwenda juu; .308 na .30-06 ni za uhakika zaidi kwa dume mkubwa. Jambo la muhimu ni mahali. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wa kulungu, katikati ya miguu ya mbele. Aliyezoea kulungu hulenga nyuma ya bega katikati ya mwili, na nguruwe hukimbia na tumbo lililotoboka akafe kwa mateso kichakani. Lenga theluthi ya chini ya mwili, usawa wa mguu wa mbele, mnyama akiwa amesimama ubavu. Dume mzee ana ngao nene ngumu mabegani, na kwa upinde ni bora usubiri ageuke kidogo kuelekea mbali nawe ili mshale upite nyuma ya ngao hiyo.

Subiri dakika ishirini kabla ya kufuata damu, na ukiingia kichakani usiingie kwa magoti. Aliyejeruhiwa hugeuka, na meno yake hukata paja la mtu.

California inakataza risasi zenye madini ya risasi (lead) kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, umma na binafsi. Tumia za shaba. Tai aina ya kondori wa California hula utumbo unaoachwa na wawindaji na vipande vya madini hayo humuua. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani.

Nichague dume au jike?

Ukiwinda kwa ajili ya mwenye shamba, piga jike aliyekomaa. Dume mwenye meno marefu anapendeza kwenye picha, lakini nyama yake hunuka na kifo chake hakipunguzi kitu. Ukimwona jike anafuatwa na vitoto vidogo vyenye mistari, mkulima atataka wote waondolewe. Kama moyo wako hauwezi, mwambie mapema ili asikuhesabu kwenye kazi hiyo.

Kuwapiga nguruwe kutoka kwenye helikopta ni kweli?

Ni kweli, Texas, tangu 2011, kwa kibali na idhini ya mwenye ardhi. Ni juu ya ardhi ya binafsi.

Nyama ni salama?

Ni salama ukiiandaa vizuri. Nguruwe mwitu wanaweza kubeba brusela, bakteria anayeingia kupitia mkwaruzo mdogo wa mkono na kuleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa miezi. Vaa glavu za mpira unapopasua na kuchuna, linda macho, osha visu kwa maji ya moto na sabuni. Pika mpaka katikati ya nyama ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kugandisha, kukausha na kufukiza kwa moshi havitoshi, kwa brusela wala kwa minyoo ya trikinela. Mbwa wako asipewe nyama mbichi wala utumbo, kwa kuwa nguruwe hubeba virusi vya Aujeszky visivyomdhuru mtu lakini humuua mbwa ndani ya siku chache. Siku ya joto toa utumbo mara moja na uweke barafu tumboni. Jike wa kilo arobaini aliyepozwa mapema ana nyama tamu, yenye mafuta machache kuliko ya kufugwa.

Mimi sili nguruwe. Naweza kuwasaidia wakulima hata hivyo?

Wapo wanaofanya hivyo. Kubaliana na mwenye shamba kabla mzoga utakwenda wapi; mara nyingi jirani au mfanyakazi wake anauhitaji. Ukiwa Mwislamu, hayo ya kuugusa na kujisafisha muulize sheikh wako.

Naweza kuuza nyama, au kuchukua vitoto nikafuge?

Nyama ya nguruwe uliyempiga haiuzwi. Sheria za ukaguzi zinataka mnyama aonwe na mkaguzi akiwa hai na achinjwe machinjioni, ndiyo maana nguruwe mwitu wanaouzwa mahotelini ni walionaswa na kusafirishwa wazima kwenda vituo vilivyosajiliwa. Kumgawia rafiki ni jambo jingine.

Kuhusu vitoto, usichukue hata kimoja. Kusafirisha nguruwe mwitu hai kunabanwa vikali au kumepigwa marufuku kabisa katika majimbo mengi, na Texas yenyewe inaruhusu safari ya kwenda machinjioni au kwenye maeneo yaliyoidhinishwa tu. Ukikuta watu wamepakia nguruwe hai kwenye trela usiku karibu na msitu wa umma, chukua namba ya gari kwa usalama ukiwa mbali na umpigie askari wa wanyamapori wa wilaya.